Kovu Lina Haraka

Saa kumi na moja alfajiri, machinjioni Mbarara,
nasimama na ndoo ya barafu kati ya wachuuzi wa matumbo.
Wao wanagombea maini. Mimi naomba miguu ya nyuma,
chini ya goti, pale pasipo nyama.
Rwakatungu hunikatia akicheka:
"Daktari, supu hii mnainywa lini?"
Sijamwambia mpaka leo kwamba mimi si daktari.
Mimi ndiye ninayeosha vyombo na kuwasha mashine.

Maabarani naubana ukano wa ng'ombe juu na chini,
mweupe, unang'aa kama katani iliyoloweshwa.
Mashine inavuta.
Ukano unajinyoosha kidogo tu,
kama mtu anayeitikia salamu bila kuacha kazi,
kisha, kwa uzito wa kuinua bodaboda na abiria wake,
nyuzi zinaanza kuachana, mmoja, mmoja,
na sauti yake si mlipuko kama nilivyodhani.
Ni kitambaa kinachochanwa chumba cha jirani.

Uzi ndani ya uzi ndani ya uzi.
Nani alizisokota, na kwa mikono gani?

Ndiyo maana ya mayai.
Trei mbili kutoka Biharwe, kila wiki ya pili.
Muuza roleksi wa langoni ananiona nikipita nazo,
ananitazama kama mshindani.
Siku ya kumi na mbili nafungua kidirisha kwenye ganda
na mle ndani, mguu mwembamba kama njiti ya kiberiti
unapiga teke.
Hauna ardhi, hauna pa kwenda. Unapiga tu.

Dokta Kembabazi anasema teke ndilo fundi.
Kifaranga tulichokituliza kwa dawa, kikalala kimya,
kano zake zilitoka teketeke kama ugali usioiva,
hazijui zivute upande gani.
Na kiumbe ambacho hakijazaliwa, anasema,
ukano wake ukichanika husokotwa upya, usione hata alama.
Sisi tuliokwisha kuzaliwa tunapewa kovu.
Kovu lina haraka.
Ni fundi bati aliyelipwa nusu:
anaziba, anashuka ngazi, anaondoka,
na mvua ya kwanza inakukuta wewe.

Kebirungi alikuwa anamkatia ndama majani,
panga likateleza mpaka kiganjani.
Walimshona vizuri. Vidole viwili vikagoma.
Kila Jumatano anakuja jengo la pili kwa mazoezi,
kidole kimefungwa raba, kinavutwa, kinaachiwa.
Ng'ombe wake anakamuliwa na kijana wa jirani
anayekunywa njiani.
"Anajua kwamba najua," anasema, "na tunasalimiana."

Siku moja alichungulia mlangoni petu.
Nikamwekea kiti mbele ya darubini.
Alitazama hadi chai yangu ikapoa.
"Kwa hiyo hiki kinajua," akasema,
"na mkono wangu wa miaka arobaini na sita umesahau."

Ningemwambia nini?
Kwamba tunatafuta? Kwamba labda miaka kumi,
labda mjukuu wake?
Nikasema: "Kinapiga teke, mama. Hakijui kingine."
Akakitazama kidole chake kama mtu anayedaiwa.

Alhamisi umeme ukakatika.
Jenereta ilikuwa kavu; pesa ya mafuta
ilikuwa bado inasubiri sahihi ya mtu fulani.
Tukayafunika mayai kwa blanketi langu,
tukayazungushia chupa za maji moto
aliyotuchemshia nani? Muuza roleksi.
Usiku kucha alileta birika, hakuuliza,
ila mara moja: "Haya hayaliwi, sivyo?"
Kulipokucha nilihesabu kumi na tisa hai
kati ya sitini. Niliandika kumi na tisa.

Jumatano iliyofuata Kebirungi hakupitia jengo la pili kwanza.
Alikuja kwetu, akaweka kiganja juu ya meza,
akakunja uso kama anayebeba gunia,
na kidole cha pete kikainuka
upana wa punje ya mtama.

Nikachukua rula. Nikaandika.
"Teke," nikasema.
"Bado hakikamui," akasema,
akaufunga mkoba wake kwa mkono wa kushoto.